Saa Aliyowapa Maiti

Mume wangu Rai ndiye aliyekuwa muosha maiti wa Munje, na ukaidi wake wajulikana kijiji kizima. Figo zake zilipokufa miaka mitatu iliyopita, alipangiwa kusafishwa damu kwa mashine huko hospitali ya Msambweni, Jumatatu na Alhamisi, kwa muda wa saa nne kila mara. Ni mara chache alipozimaliza. Akipigiwa simu kwamba kuna msiba, saa ya tatu tu anataka sindano zitolewe, maana maiti lazima aoshwe kabla ya alasiri.

Muuguzi wake, Purity, alimweleza mpaka akachoka. "Mzee Rai, sumu nyingine zimejificha ndani kabisa ya mwili. Hazitoki haraka. Ukikata saa moja, unarudi nazo nyumbani."

"Nitazitoa Alhamisi, mwanangu. Maiti hana Alhamisi."

Anatia sahihi kwamba ametoka kwa hiari yake, huyo anakwenda zake. Nami nambebea mkoba. Hilo ndilo linaloniuma: niliona fahari. Watu walisema hakuna mwenye mikono ya upole kama Rai, nami nikavimba kichwa. Ningemkalia kooni. Sikumkalia.

Mwaka huu mambo yameharibika. Ngozi yamwasha hata anajikuna mpaka damu, chakula hakipiti, miguu imefura, na daktari amesema moyo umechoka. Anayeosha sasa ni Shutu, aliyejifunza kazi kwake. Hakuna anayempigia Rai simu.

Alhamisi iliyopita alijilaza pale kitandani, akamwambia Purity, "Leo sina haraka, mwanangu. Nipe saa zangu zote nne. Ukiweza, niongeze."

Saa ya pili haijaisha, presha ikashuka. Jasho likamtoka, macho yakamgeuka. Purity akamwinua miguu, akaipunguza mashine kasi, akapima tena na tena. Mwishowe akamrudishia damu yake, akaizima mashine. Alikuwa analia, binti wa watu.

"Bado saa mbili," Rai akasema.

"Moyo haubebi tena, mzee."

Akanigeukia. "Twaiba, mwambie Shutu asiwe na haraka na hii miguu. Ngozi imelainika, itachubuka."

Nikamjibu kwamba nitamwambia.