Ule Haukuwa Unga

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninapomwona mtu amebeba mzigo wa miti ya muhogo. Nilikuwa mke mgeni, sijamaliza hata mwaka katika nyumba ya watu, na siku hiyo mama yangu mzazi alishuka kutoka Myamba kuja kuniona. Shamba letu lilikuwa huku chini, upande wa Makanya, ambako mahindi hukauka yakiwa yamefika kiunoni na muhogo ndio unaotuvusha. Kichwani mama alikuwa na mzigo wa mbegu, miti ya muhogo wa kwao iliyofungwa vizuri kwa kamba ya mgomba.

Desturi yetu unaijua. Binti akiolewa, mbegu za kwao humfuata. Ndugu humnyimi mbegu ya muhogo, na ukiletewa hukatai. Nilimpokea mama kwa furaha, na kusema kweli nilijivuna, maana miti ile ilikuwa na sifa. Kule milimani mwaka ule watu walikuwa wakisema muhogo umetoa unga. Kwenye vichipukizi kulikuwa na weupe kama wa unga uliochekechwa, wakubwa kwa wadogo wakafurahi, wakasema kama unga unaonekana juu, huko chini kwenye mizizi itakuwaje. Wakagawiana mbegu zile nyumba kwa nyumba, na aliyekosa alilalamika.

Mama mkwe wangu alitukuta ukingoni mwa shamba. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache, na akishasema humrudishi nyuma. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za watoto. Kisha akachomoa mti mmoja, akakibinya kichipukizi kwa ukucha, akakitazama kile kitu cheupe kidoleni.

"Mama Nakijwa," akamwambia mama, na Nakijwa ndiye mimi, "unga hautembei. Huu unatembea."

Nikainama kutazama. Kweli, ndani ya weupe ule mlikuwa na vidudu laini, vya rangi ya waridi, vinajikokota. Baadaye sana mabwana shamba walituambia jina lake, kidung'ata, na kwamba hufyonza ncha ya mmea mpaka majani yanajikunja na muhogo unadumaa. Siku ile jina hatukulijua. Mama mkwe alijua tu kwamba kinachotembea juu ya chakula chako kinakula.

"Mzigo huu hauingii shambani," akasema. "Nichukieni, lakini hauingii."

Na akauchoma, mwanangu. Pale pale, mbele ya mwanamke aliyeubeba tangu alfajiri. Mama yangu alikunywa maji, akakataa chakula, akaupanda mlima siku ile ile. Kwetu, mgeni kuondoka bila kula ni jambo la kusimuliwa miaka. Nililia kwa hasira, nikamchukia mama mkwe, na wala sikumficha.

Yeye hakunibembeleza. Kesho yake alinipeleka shambani tukague ncha za mihogo, mti kwa mti. Kisha akaenda kwa balozi wa nyumba kumi kuomba msaragambo, ule wito wetu wa kazi ya pamoja ambao watu huitwa kuzibua mfereji au kutengeneza barabara. Wakamcheka. Msaragambo wa wadudu, nani aliusikia? Akakaa barazani kwa balozi mpaka waliomcheka wakachoka, na wito ukatolewa. Tukapita shamba kwa shamba, tukikata ncha zenye weupe na kung'oa miti iliyoshambuliwa sana, vyote tukachoma. Mwenye shamba akisita, alipelekwa kwanza akaone tulivyokata la kwetu.

Kiangazi kilipokaza, shamba la mama yangu kule mteremkoni Myamba lilibaki vijiti. Ndizi chache za nyumbani hazikutosha. Mama akashuka tena, mikono mitupu, anatazama chini. Mama mkwe alimpakulia yeye kabla ya kumpakulia mume wake, na kuhusu ule mzigo hakutamka neno. Nilimtazama mama yangu akila muhogo wa shamba lile ambako mbegu zake zilikataliwa, na chuki yangu yote ikaisha. Tangu hapo nilimwita mwanamke yule mama, bila hilo neno la mkwe.

Sasa nikuambie waziwazi, maana siku hizi mbegu zinafika kwa pikipiki kutoka mbali na hakuna anayeuliza. Kabla hujapanda, ikague kila mbegu, hata iliyotoka kwa mama yako. Chukua mti uliokomaa, wenye afya, na wenye dalili za wadudu usiupeleke kwa jirani. Panda mvua zinapoanza, muhogo upate nguvu kabla ya kiangazi, kwa sababu kiangazi ndiyo sikukuu ya utitiri, mdudu mwingine, mdogo wa kijani, anayejificha chini ya majani machanga. Ukiona majani ya juu yana madoa ya njano na yanazidi kuwa madogo, amefika. Ncha hizo zikate mapema uchome. Na wewe mwenye haraka ya kukimbilia bomba la dawa, tulia. Wapo nyigu wadogo mno walioletwa na wataalamu kumwandama kidung'ata, na ukipuliza sumu ovyo unawaua hao wanaokufanyia kazi. Tena kisamvu cha shamba hilo atakula nani? Muulize bwana shamba kwanza, na uwaite majirani, kwa sababu ukisafisha peke yako wadudu watarudi kutoka kwao.

Watakuita mchoyo, mwanangu. Watasema umedharau mkono wa ndugu. Vumilia, usilegee, wala usiwajibu kwa maneno. Mungu akupe mvua kwa wakati wake na moyo usioyumba, na ghalani mwako kisikosekane chakula cha kumpa hata yule aliyeondoka kwako amenuna.