Taarifa Iliyoitangulia Hospitali

Kwa miaka kumi na tisa, msemaji wa kiwanda cha rangi alifuata kanuni moja: likitokea baya, taarifa iwafikie waandishi wa habari ndani ya dakika sitini. Kwa hiyo aliandika taarifa hizo mapema, zikakaa kwenye kompyuta zikisubiri tarehe tu. Wenzake walimwita Mama Hali Shwari, naye alicheka nao.

Asubuhi ile pipa la kemikali lilipolipuka, alijaza tarehe, akatuma: "Hakuna aliyeumia vibaya." Hospitali hakuipigia hata simu.

Saa sita mchana mdogo wake aliingia ofisini bila kubisha hodi. Mume wa mdogo wake huyo alikuwa miongoni mwa wafanyakazi wanne waliokuwa wodini, wameungua kifua na uso.

"Nisomee hiyo taarifa, dada. Kwa ile sauti yako ya redioni."

"Sikujua kama shemeji alikuwa zamu."

"Na wale watatu ambao si shemeji zako?"

Meneja alichungulia mlangoni. "Lisibadilishwe neno hata moja," alisema. "Na huyu mama atolewe."

Msemaji aliiandika taarifa upya: wanne wameungua vibaya, taarifa ya kwanza haikuwa ya kweli, na aliyeiandika ni yeye. Akaituma kwa waandishi wote huku meneja akimfokea.

"Acha funguo mezani. Hapa umekwisha."

Msemaji alichukua mkoba wake, akamfuata mdogo wake hadi ngazini, akidhani wataongozana.

"Umesema kweli mara moja, tena baada ya kubanwa," mdogo wake alisema. "Hospitali usije."