Kiti cha Achieng

Chekeni, lakini mnisikilize kwanza. Mimi ni kocha wa timu ya wanawake ya lakrosi hapa Kisumu, ule mchezo wa fimbo zenye wavu. Nafunza ulinzi: beki akipitwa, mwenzake wa karibu anakimbia kuziba pengo huku akipiga kelele, ndio ajue hayuko peke yake.

Mimi mwenyewe naishi peke yangu tangu nihame Bondo. Jioni, nikijaribu mazoezi ya kesho, hupanga viti vya plastiki chumbani, kila kimoja na jina la beki kwa chaki, halafu nakimbia katikati nikipaza sauti: "Achieng, nimekuja! Usiogope, niko na wewe!"

Mama Otis, jirani yangu, alisikia kupitia ukuta. Kesho yake akabisha na ngege wawili wa kukaanga na ugali mkubwa. "Kocha, mle na Achieng," akasema, akitabasamu.

Ningemwambia ukweli, kwamba sina mke. Lakini hakuna mpangaji wa ploti ile aliyewahi kubisha mlango wangu. Nikasema, "Atafurahi sana." Samaki wote nikala mimi, na jioni nikamwita Achieng kwa sauti kubwa zaidi.

Jumapili, baada ya kanisa, Mama Otis akaja na wenzake wawili, sukari na leso mpya. "Tumekuja kusalimia bibi yako."

"Ametoka kidogo."

"Tutamngoja."

Wakaingia. Mama Otis akavuta kiti, akasoma lile jina la chaki, Achieng, akaniangalia. Hakucheka. Akakunjua leso, akakifunika kile kiti taratibu.

"Achieng," akasema, "hujambo?"