Bonyeza Mara Moja

Niliondoka Garissa kwenda Buna kwa sababu ya picha kumi na moja za mama yangu. Katika zote anasukasuka maziwa yatoe siagi, kinywa wazi, anaimba. Nilizipiga mimi, na ni nzuri. Lakini sauti haimo, na mama ameshazikwa. Wimbo ule sasa anaujua dada yangu Halima peke yake, na pumzi zake zinapungua kila mwaka.

Kosa ni langu. Nilipokuwa na studio ya picha, Hodan, binti aliyejifunza kazi kwangu, aliniomba tuanze kupiga video. Nilimjibu kwamba video ni kelele tu, na anayependa kelele akazitafute kwingine. Akaenda. Leo maharusi wa Garissa humngoja yeye. Basi kabla ya safari nilikwenda dukani kwake.

"Adeer," alisema, kwa heshima ileile ya kumwita mtu baba mdogo, "umekuja kusikiliza kelele?"

"Nimekuja kuomba radhi. Kisha unifundishe."

Alinifundisha siku nne. Ugonjwa wangu ulikuwa kidole. Nilibonyeza kitufe, halafu nikabonyeza tena, kama nilivyozoea kwenye picha, na bonyezo la pili likazima video. "Bonyeza mara moja," alinikariria, "kisha mkono mfukoni."

Alfajiri nilipanda basi. Mchana tukasimama Habaswein, na muuza chai aliyeiona kamera akaniita kwa lafudhi yake nzito. "Mzee, biga mimi fideo." Nikampiga akimimina chai kutoka juu, akaja kujitazama.

"Imekwisha?" aliuliza. "Mzee, chai bado iko hewani."

Abiria walicheka. Nilicheka nao, maana kidole kilikuwa kimenisaliti tena.

Usiku nililala Wajir. Kesho yake, gari lililobeba magunia ya sukari lilinifikisha Buna alasiri, nguo zote zimekuwa rangi ya barabara.

Asubuhi ya kwanza Halima aliketi nje na haan mapajani, chombo cha nyuzi cha kusukia maziwa. Nikasimamisha kamera, nikabonyeza mara moja, mkono mfukoni. Chombo kikaenda mbele, kikarudi, na sauti ikaanza kukifuata. Ndipo ulimi ukaponyoka, ukasema neno nililowaambia watu maisha yangu yote: "Usitikisike."

Dada akatulia. Wimbo nao ukakatika.

"Endelea kuimba," nikamwambia.

"Nitaimbaje, walaal, ndugu yangu? Wimbo unatoka kwenye mtikiso. Hata mama ulimwambia hivyohivyo. Kila ulipoleta kamera, alinyamaza."

"Mbona kinywa kiko wazi kwenye picha zote?"

"Alikiacha wazi ili ufurahi. Ulipoondoka ndipo akaimba."

Miaka yote niliamini kwamba angalau nilikuwa nimeupiga picha wimbo wenyewe. Kumbe nilipiga picha za mama akinivumilia. Nilimwomba dada tujaribu tena, akatikisa kichwa. Pumzi za siku ile zilikuwa zimekwisha. "Kesho," alisema, "uje na kamera, mdomo uuache Wajir."

Asubuhi ya pili nilibonyeza mara moja. Mkono wa kulia nikautia mfukoni, wa kushoto nikaufunika mdomo. Halima akaanza. Mbuzi akapita mbele ya kamera, nikamwacha apite. Jirani akaja na ndoo, akaiweka chini, akapiga makofi kufuata wimbo. Mara mbili dada aliishiwa pumzi, lakini mikono haikusimama, na sauti ikarudi. Mwishowe maziwa yakabadilisha mlio ndani ya chombo, yakawa mazito, naye akacheka kama msichana.

"Siagi hiyo. Umepata?"

Nilikuwa nimepata wimbo wote, toka mwanzo hadi siagi.

Nikarudi kwa njia ileile. Habaswein nilimpiga tena muuza chai, na safari hii kikombe kilijaa.

Garissa, Hodan alitazama akiwa amesimama, hakukata hata kipande. "Adeer, mkono ulikuwa wapi?"

"Mmoja mfukoni."

"Na wa pili?"

"Mdomoni. Ndio uliokuwa na kazi kubwa."

Akacheka. Nje, kina mama wawili waliokuwa wakipita wakasimama mlangoni, na mmoja akaanza kuyumbisha mikono mitupu, mbele, nyuma, kama ameshika chombo. Miaka mingi niliwazuia watu kutikisika. Huyu nilimtazama tu.

"Nipunguze sauti?" Hodan aliuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Ongeza kelele."