Shuka Chafu Zisitoke Wodini

Saa tatu asubuhi, mkunga anamdaka mhudumu wa usafi mlangoni, aliyekumbatia furushi la shuka zenye damu.

"Rudisha!"

"Mama, daktari anakuja raundi. Matroni kasema wodi ing'ae."

"Ing'ae kwa nani? Rudisha, nimesema!"

Mkunga huyu, wodi ya wazazi nzima humwita Bi Mizani. Kwenye toroli lake, kando ya pamba na mikasi, kuna mizani ya jikoni aliyoinunua mwenyewe. Anapima furushi, anatoa uzito wa shuka kavu. Zinabaki gramu mia tisa. Damu ya mtu hiyo, ilikuwa inapelekwa kufuliwa!

Mwenye damu yake yuko kitanda cha nne, kajifungua muda si mrefu. Katandikiwa shuka mpya, nyeupe pe.

"Dada, nina kiu," ananong'ona. Mikono baridi, jasho usoni, moyo unapiga mara mia na thelathini kwa dakika.

"Lakini presha yake nzuri," anasema muuguzi mgeni.

"Presha huanguka mwisho, mwanangu! Ukiingoja hiyo, utamwandikia cheti cha kifo."

Mkono wa Bi Mizani tayari uko juu ya tumbo la mama, anakanda mji wa uzazi ukaze. Huku anakanda, huku anaamrisha: sindano ya kukaza mji, dripu mikono yote miwili, oksijeni, blanketi, mtu akimbilie damu maabara. Maji ya kunywa, hapana; huenda akapelekwa upasuaji.

Miaka kumi na moja iliyopita, mdogo wake Bi Mizani alijifungua, akafia kwenye kitanda kama hiki. Shuka zilibadilishwa mara tatu. Kila aliyepita aliona usafi, akaandika "anaendelea vizuri".

"Mara tatu, na hakuna aliyejumlisha damu! Nami nilipofika kumwona, nikawashukuru kwa usafi. Mimi, mkunga mzima!"

Daktari anaingia, anakuta shuka za damu zimetandazwa kwenye plastiki. Matroni anafoka. Daktari anasoma mizani, anaagiza chupa ya pili ya damu. Kufikia adhuhuri, mama wa kitanda cha nne ana mikono ya moto na anamtaka mtoto wake.

Bi Mizani anastaafu mwakani. Ameandika barua tatu akiomba kanuni moja tu: shuka isitoke kabla ya kupimwa. Wakubwa wakajibu kwa kupaka kuta rangi.

"Rangi, jamani!" anasonya. "Basi nawafundisha wanaozibeba."

Nyuma yake, mhudumu wa usafi amesimama na furushi jingine. Safari hii hakuelekea mlangoni.

"Mama, hizi za kitanda cha saba," anasema. "Nzito."