Aliyeitika Pembe ya Kisima

Nililipwa kucheza mpira. Huwaambia wajukuu zangu hivyo kwa makusudi, niwaone wakitazamana, maana mwanamke wa Mji wa Kale wa Mombasa miaka ile alilipwa kwa kushona, kwa kupika vitumbua au kwa kusomesha Kurani chuoni, na riziki yangu mimi ilitoka kwenye mpira wa kikapu. Kazi hiyo ilidumu miaka mitatu na kitu. Mtaani waliniita mla mpira, na sikuudhika, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Uwanja wetu ulikuwa ua wa nyuma wa shule ndogo ya wasichana. Pande tatu ulizungukwa na kuta za nyumba kuukuu, na upande wa nne kulikuwa na ukuta wa mawe uliotutenga na kichochoro chenye baraza la wanywa kahawa. Kwenye pembe moja palikuwa na kisima cha zamani kilichofunikwa kwa bamba la jiwe. Aliyetuletea mchezo huu ni mwalimu wetu, mama wa Kihindi, Mwislamu, aliyekuja na mumewe kutoka Bombay kabla ya vita vya pili vya dunia. Pete alizipata kwa mhunzi, zilikuwa za mapipa. Vikapu alivisuka mzee mmoja kwa ukili, na alipoambiwa avitoboe kitako alikataa katakata, akasema hawezi kuharibu kitu kizima kwa mikono yake mwenyewe. Mwezi mzima, kila tulipofunga, ilibidi mtu apande ngazi kuutoa mpira.

Nyanya yangu ndiye aliyenilea, na bila idhini yake sikuvuka kizingiti. Umri wangu ulikuwa umeshafika wa kutawishwa, wa kukaa ndani mpaka niolewe. Alikuja mwenyewe kuutazama ule ua, akaupima ukuta kwa macho, akaridhika kwamba hakuna mwanamume atakayetuona. Kisha akatoa sharti lake mbele ya mwalimu.

"Kuteza mtateza," alisema. "Lakini ina la mwana wa kike lisipite ule ukuta."

Ina, yaani jina. Wanaume wa barazani wasisikie jina la binti wa watu likipigiwa kelele. Wazazi wengine nao wakalishika sharti hilo hilo. Sasa utacheza vipi bila kumwita mwenzio? Tukapata njia: anayetaka mpira aitike mwenyewe. Aseme "Bee", kama mwanamke anavyoitika akiitwa, na mpira uifuate sauti. Ukawa mchezo wa watu wanaoitika bila ya mtu kuita.

Nyanya aliposikia mara ya kwanza uso ulimbadilika. Kwetu ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, huitiki upesi. Unangoja uitwe mara ya tatu, maana huenda anayekuita si mtu. Akatuuliza, nasi hatujaitwa na yeyote, twamwitika nani? Mwalimu alicheka. Mimi sikucheka, lakini nilitaka kucheza, nikajifanya sikusikia.

Kati yetu watano alikuwako somo yangu. Nasema somo kwa sababu tulikuwa na jina moja, na kwa sababu hapakuwa na mtu niliyempenda zaidi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mashoto. Alipenda kusimama pembe ya kisima, na Bee yake ilipanda mwishoni, kama mtu anayeuliza. Akipata mpira pale ulikuwa ndani. Mwalimu alikuwa ameiomba shule imwajiri mmoja wetu, awe anacheza kila siku na madarasa ya wadogo na kuwaongoza katika mashindano. Nafasi ilikuwa moja. Aliyeipata angeendelea kutoka nje kila siku na asiyeipata angewekwa ndani, na sote wawili tulijua kwamba atapata yeye.

Siku walipokuja wasichana wa shule moja ya Kizingo, ua ulijaa mama zetu na mabuibui yao. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, na mwalimu alikuwa ameshainua saa. Nilikuwa nimezingirwa na mpira mkononi. Somo yangu alikuwa peke yake pale kisimani, lakini kelele za wanawake zilimeza sauti yake, na msichana aliyenikabili alinikinga nisimwone vizuri. Nikaita jina. Nililiita kwa nguvu zangu zote, jina lake, ambalo pia ni langu. Akaitika, mpira ukaenda, akafunga.

Hakuna aliyeshangilia. Kule kichochoroni vikombe vya muuza kahawa vilikuwa vikigongana tangu alasiri, na sasa vilinyamaza. Nakumbuka kimya kile kuliko bao lenyewe.

Jioni wazee wa mtaa walipita nyumba mbili, yetu kwanza kisha ya kina somo yangu, kwa kuwa mabinti wenye jina lile walikuwa wawili. Walitaka kujua ni yupi aliyetangazwa jina lake kama samaki sokoni. Nyanya alinisimamisha chumbani akaniuliza kama ni mimi niliyeitwa. Nikasema si mimi, ni somo yangu. Halikuwa neno la uongo. Hakuniuliza ni nani aliyeita, nami sikumwambia.

Kesho yake somo yangu hakuja. Kwao walisema amesafiri, amepelekwa kwa jamaa zake Lamu. Wiki ya pili nikapewa kazi mimi.

Mara ya kwanza kuisikia ile sauti ilikuwa alasiri, jua bado kali, ua mweupe kwa mwanga. Tulikuwa watano tena, tumepata msichana mpya. Mpira nilikuwa nao mimi. Wenzangu wanne waliitika mmoja mmoja, na kila sauti nilijua iko wapi. Kisha ikaja ya tano, kutoka pembe ya kisima. Bee, ikipanda mwishoni. Mikono yangu iliurusha mpira kabla sijafikiri. Ukapiga ukuta, ukadunda mara mbili juu ya lile bamba, ukarudi polepole mpaka miguuni pangu. Yule msichana mpya akaniuliza nilikuwa nampa nani.

Baadaye walisikia wote. Haikuja kila siku. Ilikuja tukishaanza kusahau, tukishaanza kutaniana, na kila mmoja aliyesikia alianza kuhesabu wenzake kwa macho. Mmoja alishikwa na homa. Mwingine mama yake alimtoa. Maneno yakaenea kwamba uwanja ule una wenyewe wasio watu, na mkuu wa shule akasema yakizidi ataufunga. Ukifungwa, kazi yangu imekwisha, na mimi ningewekwa ndani siku hiyo hiyo.

Nyanya akaja na chetezo cha ubani. Alikaa juu ya bamba la kisima, moshi ukimpanda usoni, akatuamuru tucheze. Tulicheza vibaya, kila mtu akiogopa kuitika. Sauti ikaja. Nyanya hakushtuka. Aliinua macho taratibu, akautazama ukuta wa nyumba ya nyuma, ambayo madirisha yake yalikuwa hayajafunguliwa tangu vita vianze. Juu kabisa palikuwa na tundu la hewa, ambalo paka angepitisha kichwa na asipitishe mabega. Nililiona pamoja naye. Na nyumba ile nilijua ni ya nani. Ilikuwa ya mjomba wake somo yangu.

"Wamjua mwenye sauti hii?" nyanya aliniuliza.

Nikamwambia simjui.

Alikisogeza chetezo kando. Kisha akasema basi kama si mtu ni shetani, na shetani huzibiwa njia. Kesho yake alikuja fundi na mawe na chokaa. Nilisimama nyuma ya mlango wa darasa nikausikiliza mwiko wake ukikwangua, mpaka alipomaliza.

Nikacheza, na nilicheza vizuri, sitajifanya mnyenyekevu hapa. Tulialikwa shule za kisiwa kizima, tukavuka hadi Unguja, na wasichana wadogo waliniiga hata namna ya kufunga mtandio. Watu walisema nina mtindo wangu, kwamba sipeleki mpira kushoto. Mwalimu alinigombeza kwa hilo mpaka akachoka. Sikumwambia sababu. Sauti haikukoma tundu lilipozibwa. Iliendelea pale uani, kisha nikaisikia kule Buxton, nje ya Mji wa Kale, kwenye uwanja wa wazi usio na ukuta wala nyumba karibu, na sikuzote ilitoka pembe ya kushoto, kama hatua sita hivi kutoka nilipo. Wenzangu hawakuwa wakiisikia tena, ilibaki yangu peke yangu. Wala sikuona huruma, niliogopa tu, na kila nilipoisikia niliugeuzia mpira upande wa pili. Ilipokuja posa nikakubali upesi kuliko ilivyotarajiwa, na nyanya akadhani nimepata akili.

Miaka saba baada ya ile mechi, mjomba wake somo yangu alifariki. Nilikwenda matangani kama jirani. Mchana ule, baada ya hitima, mwanamke mmoja mrefu alinishika mkono wa kulia kwa mkono wake wa kushoto, akanipandisha ngazi bila ya kusema neno. Tukaingia chumba cha juu, kidogo, chenye joto la tanuri. Karibu na dari palikuwa na kiraka cha chokaa, cheupe kuliko ukuta wote.

Tulisalimiana kama ada, tukaulizana afya na watoto. Kisha akanieleza, bila ya hasira yoyote. Ile safari ya Lamu mwanzoni ilikuwa ya maneno tu, kumbe alifungiwa mle miezi minne. Akisimama juu ya sanduku aliweza kulifikia tundu, na tunduni aliiona pete ya kikapu na si kitu kingine. Alikuwa akiitika kwa mazoea. Siku fundi alipokuja kuziba, alasiri ile ile walimpakia chomboni kweli, akaenda Lamu, akaolewa huko, na Mombasa hakuikanyaga tena mpaka asubuhi ile ya maziko.

Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema mtu hawezi kusahau kitu kama hicho. Ile sauti ya Buxton, niliyoisikia yeye akiwa Lamu, sikumtajia.

Badala yake nikamuuliza lile jingine. Kwa nini hakuwaambia wazee kwamba aliyepiga kelele ni mimi? Kosa la kuita lilikuwa langu. Angesema, tungefungiwa sote, au ningefungiwa mimi, na kazi angeipata yeye.

"Walianza kwenu," alisema. "Wewe hukuitika. Walipofika kwetu, nikaitika mimi."

Nilitaka kumwomba radhi. Chini, wanawake walikuwa wakipakua chakula. Mmoja wao akaita jina letu, kwa sauti ya kawaida, bila ya kusema anamtaka yupi. Akaita mara ya pili. Somo yangu hakutikisika, alinitazama tu, akingoja. Ilipokuja mara ya tatu nikasimama, nikasema "Bee", nikashuka.