Bandika Maji, Baba Yuko Njiani

Juzi mjukuu wangu alikuwa anagonga kijiko kwenye mfuniko wa sufuria, hapa kwangu Buhongwa, nikaacha dagaa niliokuwa nachambua. Mdundo ule naujua. Baba alirudi nao kutoka vita vya Kagera, pamoja na bakuli la bati lililobonyea na kikohozi kisichoisha.

Kila jioni aligonga bakuli lile, akaimba: "Miiinza, bandika maji, baba yuko njiani." Jina langu alilivuta kama mtu anavuta kamba ya ng'ombe mbishi. Aliniambia wimbo huo aliutunga huko vitani kwa ajili yangu. Nadhani alisema hivyo. Nisije nikamsingizia marehemu. Ila mimi niliringa nao mtaa mzima.

Siku moja akanichukua, tukavuka kwa pantoni hadi Busisi, tukaenda Sengerema kumsalimia mjane wa rafiki yake aliyefia vitani. Uani palikuwa na binti yake wa rika langu, Kabula, anaruka kamba huku anaimba: "Kabula, bandika maji, baba yuko njiani."

"We, nani kakufundisha huo?"

"Si baba yako! Akija huwa ananiimbia. Kwani hujui?"

Sikula ugali wao, na ulikuwa na samaki, sato. Tukiwa kwenye pantoni nikamwambia baba, "Umempa wimbo wangu."

"Wimbo hauishi, mama," akasema, akageukia majini.

Hakuniimbia tena. Wala sikumwomba.

Msibani kwake, mzee mmoja aliyepigana naye ndiye aliyenieleza. Kwenye mahandaki waliuimba kabla ya kula, kila mmoja akitia jina la mwanawe. "Tusije tukasahau kwamba sisi ni baba za watu," alisema. Mwenzao akifa, waliobaki walimwimbia mtoto wake. "Aliyeutunga ni baba Kabula. Naye ndiye aliyetangulia."

Hapo nikalikumbuka jina langu lilivyovutwa. La Kabula lilikaa mle wimboni bila kuvutwa, maana ulitungwa kwa jina lake.

Haya niliyoandika nimeyafuta mara kadhaa, naogopa kumwonea. Baba alifanya jambo jema, na Kabula alikuwa na haki kuliko mimi: wangu alifika, wake hakufika. Yote nayaelewa. Bado inaniuma. Angeniambia tu, "Minza, huu tumeazima." Ningeazima naye.